Jeti za Kileleni

Pikipiki ya theluji ya Verlin Hokanson ilikuwa imebakiwa na vitu viwili tu vya kiwandani: namba ya chasisi na tundu la ufunguo. Vingine vyote alivitia mkono. Silinda tatu alizichonga zikapanuka. Kabureta tatu alizifungua kwenye mashine ya marehemu shemeji yake hata matanga hayajaanuliwa. Bomba la moshi alilikunja mwenyewe, likatoka na mlio ambao mbwa wote wa bonde la Wiggam waliujua na kuukimbia.

Tangu theluji ya kwanza ya Novemba alikuwa akiisimulia. Alikuwa na duka la chakula cha mifugo, na mtu aliyeingia kuomba gunia la shayiri hakulipata kabla ya kusikilizishwa robo saa ya injini. "Nguvu za farasi mia mbili na kumi," alisema, huku akikupimia shayiri akili ikiwa kwingine, ndiyo maana gunia la Verlin halikuwahi kujaa.

Jambo moja hakulisimulia. Mashine ile haikuwahi kupanda mlima. Ilikimbia kwenye tambarare ya mtoni, futi elfu sita juu ya bahari, watu wakiitazama, ikageuka, ikarudi. Mlima Hobble, wenye futi elfu kumi kasoro kidogo, iliuona kwa mbali tu, kama mgonjwa anavyouona mlima akiwa dirishani.

Na sasa Mlima Hobble ulikuwa unaisubiri Jumatatu.

Mambo yalikuwa hivi. Mzee Thurl Beckstead, nahodha wa waokoaji wa theluji kwa miaka ishirini na miwili, magoti yalikuwa yamemwishia, akatangaza kwamba koti jekundu la unahodha litapata mgongo mwingine. Wanaotaka walikuwa wawili. Jumatatu mchana wangepanda kutoka darajani mpaka kibanda cha redio kileleni na kurudi, watu wawaone, na jioni waokoaji wote kumi na wanane wangepiga kura kwenye ukumbi wa zimamoto. Sharti lilikuwa moja, la tangu zamani, na hakuna aliyelichezea: aliyevutwa kwa kamba kurudishwa nyumbani msimu huo, jina lake halipigiwi kura. Mwokoaji wa kuokolewa ni wa nini?

Verlin alilitaka koti lile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na ndoa yake imo humo humo. Alishalijaribu. Mara mbili, Mzee Thurl alipokwenda msalani, Verlin alilivaa akajitazama kwenye kioo cha dirisha la ukumbi, akageuka upande, akavuta tumbo ndani.

Mpinzani wake alikuwa Norene Tolley, mjane wa miaka sitini na mmoja, mfugaji wa mitamba, mwenye pikipiki ya theluji ya umri wa kupiga kura, kiti kimezibwa kwa utepe wa gundi. "Namwonea huruma Dada Tolley," Verlin aliwaambia wateja. "Atafika kileleni, nani amekataa? Ila sisi tutakuwa tumeshapiga kura."

Maneno hayo aliyasema mchana. Usiku aliota anakohoa.

Kwa maana Wiggam mtoto hajui kufunga kamba za viatu lakini habari ya jeti anaijua. Jeti ni kijishaba kama punje ya hindi, chenye tundu katikati, na tundu hilo ndilo linaloipimia injini petroli. Huku chini hewa ni nzito, baridi ikiwa kali ndiyo inazidi uzito, na hewa nzito inataka petroli nyingi: jeti kubwa. Kule juu hewa ni nyepesi kama supu ya bahili, kwa hiyo jeti ndogo. Ukipanda na jeti za chini, injini inavimbiwa, inakohoa, inatema moshi mweusi mbele za watu. Hiyo ni aibu tu. Ukishuka na jeti za juu, injini inapewa hewa tele na petroli kiduchu, inakauka, inawaka moto tumboni. Hayo ni mazishi. Ndiyo maana katikati ya mlima, futi elfu nane, ipo kona ambapo kila mtu husimama, huvua glovu, akabadilisha jeti kwa vidole vitupu kwenye baridi, akienda na akirudi. Watu wanaiita Kona ya Jeti. Verlin aliwaita wanaosimama pale wachuuzi wa shaba.

"Fundi anayejua kazi hasimami," alikuwa akisema. "Anapima mara moja, basi."

Alichokuwa hakijui ni apime ngapi. Wiki nzima duka lilimbana. Jumamosi ilimezwa na harusi ya mpwa wake, ambako alisimama foleni saa tatu kupeana mikono na kula viazi vya jibini. Ikabaki Jumapili.

Na Jumapili, mtu wa Wiggam hawashi mashine ya starehe. Verlin mwenyewe ndiye aliyesimama kanisani wiki tatu zilizopita, tai shingoni, akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba anayewasha pikipiki ya theluji siku ya Bwana anamwashia shetani taa ya barazani. Kina mama walifuta macho. Vijana walitazama viatu vyao. Yalikuwa mahubiri mazuri, na Verlin aliyakumbuka neno kwa neno asubuhi ile alipomwambia mkewe kwamba tumbo linamsokota.

"Upande gani?" Ardith aliuliza, akivaa hereni.

"Katikati."

"Nimeweka nyama kwenye oveni. Saa sita kamili uizime. Kama tumbo litakuruhusu kunyanyuka."

"Nitajikaza."

Ardith akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko mgonjwa anavyotazamwa, akachukua funguo, akaenda.

Verlin alingoja dirishani mpaka gari la mwisho lilipoingia uwanja wa kanisa. Saa nne. Alijua ratiba: wimbo wa kufungua, watu mia mbili wamesimama, kinanda kimefunguliwa koo. Wimbo ulipoanza akavuta kamba ya kuwashia. Mbwa wakaingia chini ya vibaraza. Kufikia ubeti wa tatu alikuwa ameshavuka daraja na ukungu umemmeza.

Siku ile bonde lilikuwa limejaa ukungu wa baridi, digrii ishirini na mbili chini ya sifuri, pua ikivuta inagandana. Lakini alipopita Kona ya Jeti, asisimame, ukungu ukabaki chini kama maziwa kwenye bakuli, na juu kulikuwa na jua, kweupe, joto la kufungua koti. Ndivyo bonde lile lilivyo wakati wa baridi: juu unatoka jasho, chini masikio yanakatika.

Futi elfu tisa, mashine ikaanza. Kwanza ikakohoa kidogo kiungwana. Kisha ikakohoa kama mvuta kiko. Ikatema moshi mweusi juu ya theluji safi ya Jumapili, ikasimama, kama punda aliyekumbuka jambo.

"Nilijua," Verlin akaiambia, ingawa hakujua.

Akavua glovu. Alikuwa amepanda na jeti namba mia nne na kumi, za mtoni, maana namba ikiwa kubwa tundu nalo ni kubwa. Akafungua kabureta tatu, moja baada ya moja, petroli ikimwagikia vidole mpaka havisikii, akaweka mia tatu na sabini. Ikakohoa. Akafungua tena, akaweka mia tatu na hamsini.

Ikaimba.

Aliipandisha mpaka kibanda cha redio bila kushusha pumzi. Akakizunguka nayo mara mbili, mwenyewe, bila shahidi, na moyo ukamuuma kwamba hakuna shahidi. Akang'oa plagi kuisoma rangi, maana plagi haisemi uongo: nyeusi, petroli imezidi, nyeupe, imepungua. Ile ilikuwa rangi ya kahawa ya maziwa, rangi ambayo kila mwanamume wa Wiggam anaijua barabara japo kahawa kanisani mwao ni haramu na hakuna aliyekiri kuionja.

"Nahodha Hokanson," akasema, kujaribu linavyosikika. Lilisikika vizuri. Akalirudia.

Kisha akatazama saa. Saa tano na dakika ishirini. Kanisa linatoka saa sita. Nyama inatoka saa sita.

Kurudisha jeti za chini kwenye kabureta tatu kulimaanisha dakika ishirini na tano, na vidole vilikuwa vimekuwa karoti. Verlin akajishauri, na mshauri aliyempata alikuwa Verlin. Mteremko wote huu, alijiambia, injini inasinzia tu, inateremka kwa uzito wake. Nitashuka polepole. Nitabadilisha nyumbani, kwenye joto, kama binadamu.

Na kweli alishuka polepole. Alipita Kona ya Jeti bila kuitazama, kama unavyompita mtu anayekudai. Akaingia ukungu, baridi ikamrukia usoni, akafika tambarare ya mtoni salama kabisa. Mbele yake zikabaki maili tatu, zimenyooka, tupu. Saa tano na dakika arobaini.

Dakika mbili, alifikiri. Dakika mbili injini hii ni nini?

Akakandamiza eksileta mpaka mwisho.

Sasa, injini inayokufa kwa kiu ya petroli ina tabia moja mbaya: haijawahi kwenda vizuri hivyo maishani mwake. Inakuwa nyepesi, kali, inaitika kabla hujaigusa, inaimba sauti ya kwanza. Verlin hakuwahi kusikia mlio kama ule. Machozi ya baridi, au ya furaha, yalimtoka. Alikuwa anafikiria namna atakavyolielezea jambo hili Jumatatu, akiwa amefika kwenye neno "wenyewe mlisikia," mashine ilipotoa sauti kama ya kijiko ndani ya kinu, mkanda wa nyuma ukakwama, na yeye akateleza hatua themanini katika ukimya.

Ukimya wa Jumapili. Mtu angeweza kusikia theluji inawaza.

Hakukaa peke yake sana. Kutoka kwenye ukungu walitokea farasi wawili wakubwa wa kahawia, ndevu zimeganda, wakivuta mkokoteni wa theluji ule mpana, usio na magurudumu, unaoteleza juu ya mbao mbili zenye chuma, umejaa marobota ya nyasi kavu. Juu ya marobota alisimama Norene Tolley, hatamu mkononi. Ng'ombe hawana Jumapili. Nyuma yake, kwa heshima na njaa, walikuwa wanakuja mitamba thelathini na nane.

Norene akawasimamisha farasi.

"Ndugu Hokanson," alisema. "Tumbo vipi?"

"Umejuaje habari za tumbo?"

"Ardith alinipigia simu asubuhi kuuliza dawa. Naona limekukimbiza mbali."

Norene akashuka, akaizunguka mashine, akaunusa moshi uliobaki. Akashika kamba ya kuwashia, akaivuta taratibu kwa mkono mmoja. Silinda mbili zikabisha kidogo. Ya tatu ikapitisha mkono kama nyumba isiyo na mtu.

"Pistoni imetoboka," alisema. "Uliweka ngapi?"

Verlin akautazama mto.

"Verlin. Ngapi?"

"Mia tatu na hamsini."

Angecheka ingekuwa afadhali. Norene alimtazama kama watu wanavyomtazama mtu aliyemwacha mtoto sokoni.

"Huku chini," alisema mwishowe. "Kwenye baridi hii."

"Nilikuwa na haraka."

"Hata choki hukuivuta kidogo, ikapata cha kunywa?"

Choki, kijiti cha kuiongezea injini petroli. Kilikuwa mbele yake njia nzima, sentimita kumi kutoka kidole gumba. Mtoto wa miaka tisa angekivuta.

"Nilifikiria," alisema Verlin, "nikaona si lazima."

"Haya. Kamba ninayo."

"Kamba hapana."

"Ni mpya. Haijafunga hata ndama."

"Norene, unaijua sheria."

"Naijua. Na mimi ndiye ninayeshindana na wewe. Mtu mwingine angekuwa ameshapiga fundo na picha." Akafuta kamasi kwa mgongo wa glovu. "Sasa tufanyeje? Nikuache hapa mpaka masika?"

Verlin akautazama mkokoteni. "Ule siyo kamba," alisema. "Humo tutakuwa mzigo. Kitu kikipakiwa hakijavutwa. Kimepakiwa."

"Umesomea wapi sheria?"

"Nasema kilichoandikwa. Imeandikwa kamba."

Wakashusha ubao, wakaisukuma mashine juu, Norene kwa bega, Verlin kwa maelekezo. Ikakaa katikati ya marobota. Verlin akatazama saa: saa sita kasoro kumi.

"Tunapita wapi?" aliuliza.

"Njia ngapi unazijua? Getini, darajani, kanisani, kwenu."

"Basi nifunike."

"Nikufunike?"

"Kata nyuzi za marobota, unimwagie nyasi, mimi na mashine. Ukipita pale kanisani wewe ni Dada Tolley na nyasi zako. Nani atauliza?"

Norene akawageukia mitamba, ambao walikuwa wameshafika na kusimama duara, wakipumua mvuke. "Hawa hawajala. Hii ndiyo chai yao. Ngoja niwamwagie kwanza, dakika ishirini."

"Dakika ishirini sina. Na nikibaki bila nyasi nitajifunika nini?"

"Nikiondoka na nyasi watafuata."

"Ng'ombe ni ng'ombe, Norene. Watabaki kwenye shamba lao."

"Wewe unawauzia chakula miaka thelathini," alisema Norene, "na hujawahi kuwaona wakila."

Lakini alikata nyuzi. Alimmwagia nyasi kwa uma mkubwa, kwa bidii kuliko ilivyohitajika, mpaka Verlin akabaki sauti tu. Kukoje huko chini, akauliza. Kuna vumbi, ikajibu sauti. Farasi wakaondoka.

Getini Norene alishuka, akafungua, akapitisha mkokoteni, akasimamisha.

"Geti, Verlin."

Nyasi zilijivuta karibu zaidi na mashine.

Katika nchi ile, kutoka Wyoming yote mpaka unakochoka, dereva hufungua akitaka, lakini anayepanda pembeni ndiye anayefunga geti. Gavana akipewa lifti, anashuka kufunga geti. Watu wamevunja uchumba kwa sababu ya geti.

"Mimi nimefungua," alisema Norene. "Kufunga ni kazi ya abiria."

"Abiria hayupo," zikasema nyasi. "Mimi ni mzigo. Twende, Norene, imebaki dakika tano."

Norene akalitazama geti. Akawatazama mitamba thelathini na nane waliokuwa wanakuja mbiombio, masikio mbele. Angeweza kushuka, hatua sita tu. Akakaa vizuri juu ya marobota yaliyobaki, akashika hatamu.

"Haya," alisema. "Mzigo umesema."

Ndani ya nyasi, Verlin alikuwa anahesabu. Daraja alilijua kwa mlio wa mbao. Baada ya daraja, kona ya tangi la maji. Baada ya tangi, kanisa. Alisikia pia kitu kama mvua kubwa inayotembea nyuma yao, kwato nyingi juu ya barabara iliyoganda, lakini moyo wa mtu ukitaka kutosikia husaidiwa na nyasi.

Kisha akasikia milango ya kanisa inafunguka, na sauti za watu walioketi saa mbili na sasa wana njaa.

"Songa kidogo, Ndugu Nield," Norene akasema kwa sauti ya kawaida. Askofu LaVar Nield, ambaye siku za kazi huuza matairi, alikuwa ameteremka ngazi kupeana mikono.

"Dada Tolley, ng'ombe wako wapo nje."

"Nawaona."

"Wote."

"Wameniona nina chakula chao."

Farasi walisimama, kwa kuwa mbele kulikuwa na magari yanayotoka na nyuma kulikuwa na ng'ombe, na ng'ombe wakaona kwamba hatimaye mambo yamekuwa sawa. Wakauzunguka mkokoteni pande zote. Wakaanza kula.

Verlin aliuona mwanga kwanza upande wa miguu. Akakunja miguu. Mwanga ukatokea upande wa bega. Akashika nyasi kwa mikono miwili, akazivuta kwake, na upande wa pili mtamba mmoja mwenye paji jeupe akazivuta kwake, na kwa kitambo waliendelea hivyo, kila mmoja akiamini haki iko kwake. Mtamba alishinda. Ulimi wenye urefu wa kofia ukampitia Verlin usoni kutoka kidevuni mpaka kwenye nywele.

Alipofungua macho, waumini mia mbili walikuwa wamesimama na Biblia zao kwapani. Ardith alikuwa mstari wa mbele, na bakuli la jeli ya kijani, chakula cha mgonjwa, mkononi.

"Nyama umeizima?" aliuliza.

"Bado," alisema Verlin.

Akakaa. Nyasi zilimtoka masikioni. Alijua kinachokuja, alikuwa amekihubiri mwenyewe, alikijua mpangilio wake. Akainamisha kichwa kumsubiri Askofu.

Askofu Nield alipanda kwenye mkokoteni kwa viatu vya Jumapili. Akamsogeza mtamba. Akainama, si kwa Verlin, kwa injini.

"Silinda ipi?" alisema.

"Ya kati," alisema Norene.

"Nani ana spana ya plagi?"

Spana nne zilitoka kwenye makoti ya suti. Nne, Jumapili, kanisani. Wanaume wakapanda mkokotenini, tai zikining'inia juu ya kabureta, wazee wakasukumana na mashemasi, kila mmoja akisema ni nini alichosema yeye tangu Novemba. Wake zao walibaki chini, vyakula vikiungua kwenye oveni nyumbani. Mzee Thurl Beckstead alipandishwa akibebwa makwapa. Plagi ikatoka, ikapitishwa mkono kwa mkono kama mtoto mchanga, mpaka ikamfikia yeye.

Ilikuwa nyeupe. Nyeupe kama sahani, na kwenye ncha yake vitone vya aluminiamu ya pistoni vimeganda kama chumvi.

"Ulikuwa na ngapi, kijana?" aliuliza Mzee Thurl. Verlin alikuwa na miaka hamsini na minne.

"Nilikuwa na ugonjwa wa tumbo," Verlin alianza, "na hewa ya mlimani..."

"Ngapi?"

"Mia tatu na hamsini."

Mtu mmoja nyuma akasema "mia tatu na hamsini" kumwambia mwenzake ambaye hakusikia, na yule akarudia, na namba ikasafiri mpaka kwa kina mama, na kina mama, ambao walilelewa Wiggam kama wengine, wakaguna. Askofu Nield alivua kofia. Wiki tatu zilizopita alikuwa amelia kwenye mahubiri ya Verlin, na sasa Verlin alimtazama akingojea aseme neno juu ya siku ya Bwana, hata la ukali, lingekuwa faraja.

"Mtoni," alisema Askofu. "Eksileta wazi. Ndugu Hokanson, mtoni?"

Kuhusu Jumapili hakuna aliyesema kitu, siku hiyo wala baadaye.

Mzee Thurl akamrudishia plagi. "Kamba?" alimuuliza Norene. "Umemvuta?"

Hapo watu wakageuka. Norene alikuwa anasukuma mtamba atoke kwenye gari la katibu wa kanisa. Angesema ndiyo, koti lingekuwa lake pale pale, na nusu ya uwanja ilishajiandaa kuamini.

"Hakuna kamba," alisema. "Alipakiwa."

"Basi jina lake linabaki," alisema Mzee Thurl. Na Verlin, mwenye mate ya ng'ombe yameanza kuganda kwenye nyusi, akatabasamu. Alisema hata mwenyewe alikuwa ameliona hilo kisheria.

Jumatatu mchana Norene alipanda peke yake. Alisimama Kona ya Jeti, akavua glovu, akabadilisha, akafika kibanda cha redio, akarudi, akasimama tena, akabadilisha tena. Saa moja na dakika arobaini. Wala hakuna aliyemsifu, kwa sababu ndivyo inavyofanywa.

Jioni, kwenye ukumbi wa zimamoto, Verlin aliomba kusema machache. Alisema kwa dakika kumi na moja juu ya tofauti ya kuvuta na kupakia. Kisha zikagawanywa karatasi. Wiggam, mgombea kuandika jina lake mwenyewe ni jambo la aibu, halifanywi. Unamwandikia mwenzako, ndiyo adabu. Verlin aliikumbuka adabu hiyo, akaipima, akaona hali yake si ya kawaida. Akaziba kwa kiganja, akaandika Hokanson.

Mzee Thurl akasoma karatasi kumi na nane moja moja. Tolley, kumi na sita. Hokanson, mbili.

Norene alivaa koti jekundu. Mikono ilimzidi, akaikunja. Watu wakaenda kwenye meza ya viazi vya jibini. Verlin alibaki kitini na namba mbili kichwani. Moja aliijua. Nyingine ilikuwa ya mtu. Katika ukumbi huu, chini ya taa hizi, yumo mtu aliyeona yote na bado akasema Verlin ndiye. Joto likampanda kifuani. Akaanza kuwatazama mmoja mmoja, akiwatafuta machoni, mpaka Askofu akamuuliza kama tumbo limerudi.

Kwenye gari, Ardith ndiye aliyekuwa anaendesha. Yeye hukaa na redio ya waokoaji, na kura anayo.

"Usinitazame mimi," alisema.

"Sijasema kitu."

"Si mimi, Verlin."

Hilo lilimuuma mpaka tangi la maji, kisha likapita, maana lilimpunguzia orodha. Usiku ule alikaa mezani na penseli akaandika majina ya wapiga kura wote. Akajikata mwenyewe. Akamkata Ardith. Akamkata Norene bila kufikiri, kwa kuwa Norene alikuwa mgombea, na mgombea, Verlin alijua, atamwandika nani kama si nafsi yake. Wakabaki kumi na tano.

Msimu mzima uliosalia aliwatendea wema wote kumi na tano, kwa kutojua ni nani. Aliwajazia magunia ya shayiri mpaka mshono ukakaribia kuachia. Aliwauliza habari za watoto na akangoja jibu. Kwa Norene peke yake gunia lilibaki vile vile, limepungua kidogo juu, na Norene alilipakia mkokotenini kila wiki, akamshukuru, wala hakumwambia kitu.